Fundi Avute Kwanza

Wiki mbili zilizopita nilirudisha ufunguo wa karakana ya Jeppestown, hapa Johannesburg, nikaiaga cherehani yangu nzito, nikarudi Mayfair mikono mitupu. Vidole vimekataa sindano, na mtu akishagombana na vidole vyake hana mahakama ya kwenda. Kwa hiyo nimestaafu mara mbili kwa mpigo: kazi ya makochi ya Jumatatu hadi Jumamosi, na kazi ya farasi ya Jumapili. Kuhusu makochi sina la kuandika. Mtu huyakalia, basi. Haya nawaandikia ninyi vijana wa Jumapili mliobaki na shazia, ile sindano nene, na maharazi yangu. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini hapa kwetu fundi akishona mkanda wa farasi lazima auvae yeye kwanza na kuvuta mkokoteni barabarani, watu wakimcheka. Nimekuwa nikiwajibu kwamba ndivyo kazi ilivyo. Si kweli. Ndivyo ilivyo tangu mwaka jana, na aliyeianzisha ni mimi, na sababu yake ninyi sijawaambia.

Nianze mwanzo. Mwaka 2015 nilikuwa nimeshashona makochi zaidi ya miaka ishirini na kujiona nimemaliza kujifunza. Ghorofa ya chini alikuwepo Papa Bahati, fundi viatu, mtu wa Bukavu, Kongo, mwembamba, mwenye kofia asiyoivua hata kanisani. Siku moja alipanda ngazi na furushi la mikanda ya viti vya magari, ile mnayoikata kwenye magari mabovu.

"Mama Asha," akaniambia, "mashine yako itaweza kushona hii? Yangu inakataaka."

"Unamshonea nani? Dereva gani huyo mkubwa?"

"Farasi."

Nikacheka mpaka nikashika meza. Mimi ni mtu wa Dodoma. Nimekulia na punda wa maji, nikijua teke linatoka wapi na linafika wapi, lakini farasi nilikuwa nimemwona kwa mbali tu, askari polisi akiwa juu yake. Papa Bahati hakucheka. Aliniambia kwamba kabla ya viatu alikuwa mtunza farasi wa mashindano miaka kumi, na mzee mmoja wa zizini ndiye aliyemfundisha kushona matandiko. Sasa kila Jumapili yeye na wenzake wachache wanaenda Soweto kuwatibu farasi wa mikokoteni, wale wanaobeba makaa ya mawe na vyuma chakavu. Wenye farasi si watu wabaya, alisema, ila mtu asiye na mkanda hutumia kilichopo, na kilichopo ni waya.

"Bon. Jumapili kuya na weye, uone."

Nikaenda kwa ubishi tu. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ile ya Joburg inayoingia kwenye meno. Nyasi za uwanja zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Tulipanga meza, ndoo za maji na chupa za dawa ya minyoo, tukasubiri. Kisha jua likachomoza nyuma ya vilima vya mchanga wa migodi, na nikawaona wanakuja. Walikuja kwa mstari, farasi na watu wao, wengine wametembea tangu alfajiri, na kila pua ikitoa moshi wa pumzi. Kwato ziligonga lami kwa pamoja, mlio ukapanda miguuni mwangu mpaka kifuani. Sikujua kama mjini humu, nyuma ya maduka na majengo ninayopita kila siku, walikuwepo viumbe wakubwa hivyo, wakitembea kwa utulivu ule.

Papa Bahati akanisukuma nimshike mmoja. Nikaweka kiganja ubavuni mwake. Nzi akatua, mmoja tu, mdogo, na ngozi ya pale alipotua ikatikisika, pale pale tu, kwingine kote kimya. Subhanallah. Mwili wote ule, kilo nisizoweza kuzikadiria, na unasikia mguu wa nzi. Nikatazama kifua chake, waya ulipokuwa umepita. Nyumbani tunasema punda afe mzigo ufike, na tulikuwa tukiisema kwa kicheko. Siku ile sikuona cha kuchekesha.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Mshahara hakuna, ukiuliza habari za malipo unapewa chai. Daktari wetu, Daktari Naidoo, siku za kazi hutibu mbwa na paka wa watu wenye nafasi, na Jumapili hulala chali kwenye matope chini ya tumbo la farasi asiyemjua, akimwimbia. Nimemwona akitoa kipande cha nondo mdomoni mwa farasi, mtu alikuwa amekitumia kama lijamu, na alipomaliza akamgeukia mwenye farasi si kwa matusi bali kwa lijamu jipya. "Chukua," akamwambia, "na Jumapili ijayo mlete rafiki yako." Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ndiyo kazi. Ukimgombeza mtu, haji tena, na asipokuja yeye haji farasi.

Papa Bahati alinifundisha mengine. Kupaka uzi nta mpaka ulie unapouvuta. Kutoboa kwa maharazi upande wa nje kwanza. Kupima farasi ukiwa umesimama kushoto kwake na kuongea naye muda wote, hata kama ni kumweleza bei ya nyanya. Na sehemu inayogusa ngozi, ndani ya mkanda, kuweka vipande vya blanketi kuukuu la sufu, tabaka juu ya tabaka, bila mshono wowote kuelekea mwilini.

"Blanketi, Papa Bahati? Sisi tuna sponji safi kabisa kule juu."

"Sponji hapana. Ile ni ya matako ya watu."

Nikajisemea mzee wa watu ana mambo ya kizamani. Yale mablanketi yalikuwa mabaya kutazama, ya kijivu, yenye harufu ya ghala. Lakini nilitii, mwaka 2016 na 2017 nikatii, na mikanda yetu ilifanya kazi, nami nikaona ni kwa sababu ya mshono wangu.

Sasa tufike mwaka 2018. Mama yake Papa Bahati alifariki Bukavu, naye akaenda kuzika na kukaa na ndugu zake miezi miwili. Aliniachia mkoba wake wa zana. Jumapili ya kwanza bila yeye alikuja mzee mmoja na farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye doa jeupe puani kama amechovya uso kwenye uji. Mzee alijiita Baba Sithole. Farasi aliitwa Nomvula, na Baba Sithole alituambia, bila kuulizwa, kwamba Nomvula husimama mwenyewe kwenye robot, yaani taa za barabarani. Nilimpenda hapo hapo. Alikuwa na kidonda kwenye ncha ya bega la kushoto, mkanda ulipokuwa ukisugua. Kidogo, upana wa kizibo cha soda. Daktari akakisafisha, akasema akipata mkanda mzuri na siku chache za kupumzika, kitafunga.

Kazi ya huo "mkanda mzuri" nikajipa mimi. Papa Bahati hayupo, blanketi limebaki vipande, na juu karakanani kuna sponji ya daraja la kwanza na ngozi bandia ya rangi ya maziwa iliyobaki kwenye kochi la mteja. Wiki ile nikashona mto mnene ndani ya mkanda, ukae pale pale juu ya kidonda, kama vile ungemwekea mgonjwa. Na kwa kuwa kwa fundi makochi mto usio na paipingi ni mto wa uchi, nikauzungushia paipingi, ule ukanda wa duara wa kupamba kingo. Ulipendeza. Jumapili iliyofuata watu waliacha foleni kuja kuuangalia. Baba Sithole alivua kofia na kunishukuru kwa mikono miwili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Hawasemi kwamba guu linaweza kuwa la mwingine.

Wiki mbili baadaye alirudi, akimwongoza Nomvula polepole. Harufu ilitangulia. Kizibo cha soda kilikuwa kimekuwa sahani. Daktari Naidoo alipiga magoti, akachunguza, na aliposimama hakuwa na wimbo.

"Kimekaribia kiungo," alisema. "Wiki tano bila mkanda wowote mwilini mwake. Dawa kila siku. Kikiingia kwenye kiungo, Baba, nitamlaza na hataamka. Sitamwacha ateseke." Kisha akauliza, kwa upole, kama mzigo ulikuwa mzito.

Baba Sithole alitazama chini. "Nilibeba mabati ya paa zima," akasema. "Ni mimi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikuwa na hakika bado, hilo nalisema kwa haki yangu. Lakini moyo ulikuwa umeshajua, na mdomo ukakaa kimya. Nilichofanya ni kujitolea kumpelekea dawa nyumbani kila Jumapili jioni, na watu wakanisifu kwa hilo pia.

Jumapili ya tatu sikumkuta nyumbani. Mwanamke wa spaza, kile kiduka cha mtaani, akanionyesha barabara kwa kidole, akitikisa kichwa. Nikafuata, nikawaona kwenye robot, taa nyekundu, magari yamesimama na madereva wametoa vichwa madirishani. Baba Sithole, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa katikati ya mikono ya mkokoteni. Amevaa mkanda wa Nomvula kifuani, na mto wangu wa rangi ya maziwa begani kwake. Nyuma yake fito za chuma na friji bovu. Na nyuma ya mkokoteni, bila kamba, bila hatamu, bila mtu wa kumshika, alikuwa Nomvula. Taa ikageuka. Mzee akainama, akavuta. Nomvula akafuata.

Nimeishi mji huu muda mrefu na nimeona mengi, mengine nisingependa kuyaona tena. Sijawahi kuona jambo kama lile. Hakuna aliyepiga honi, na ninyi mnawajua madereva wa Joburg. Yule farasi angeweza kwenda popote, nyasi zilikuwepo kando ya barabara, lakini alimfuata mtu wake hatua kwa hatua, pua yake ikigusa friji.

Nikakimbia nikawafikia chini ya kilima. "Baba Sithole, unafanya nini?"

"Kula lazima tule," akasema akihema. "Na nikimwacha nyumbani peke yake analia. Tena ni haki yangu. Mimi ndiye niliyembebesha."

Tuliongea kwa Kizulu changu cha kubahatisha, lakini hilo lilieleweka vizuri mno. Nikamwambia anipe mikono ya mkokoteni, apumzike mpaka juu ya kilima.

"Hawu, Mama! Wewe?"

"Mimi. Vua."

Nikauvaa. Watoto wakaanza kushangilia, "Gogo! Gogo!", yaani bibi kwa Kizulu, na mimi nikaegemea mbele na kuvuta. Hatua kumi za kwanza mto ulikuwa laini, nikajipongeza. Kisha kilima kikaanza, bega likawa linakwenda mbele na kurudi, na mkanda ukapanda. Sponji ikabanwa ikaisha, kama haikuwepo, na kilichobaki kati ya chuma chote kile na mfupa wangu kikawa paipingi. Kila hatua ikasugua pale pale. Nikiongeza nguvu, inauma zaidi; nikipunguza, mkokoteni unarudi nyuma. Nilifika juu nikiwa nalia, na watu wakadhani ni uchovu. Nilipouvua nikaubonyeza mto kwa kidole gumba, na jasho likachuruzika, langu na la mzee na nadhani hata la Nomvula la wiki zile, limekaa mle ndani likioza. Nikafunua kola ya gauni. Begani kulikuwa na mstari mwekundu wa duara, kipimo kile kile nilichokata mimi kwa mkasi wangu.

"Nipe huu mkanda nikautengeneze," nikamwambia Baba Sithole.

"Umeharibika?"

"Umelegea."

Neno moja tu. Nimelibeba mwaka mzima, na ni zito kuliko friji.

Nilifumua kila kitu. Nikazunguka kwetu Mayfair kwa Wasomali, nikatafuta blanketi la sufu duka baada ya duka mpaka nikapata zito nililotaka. Nikashona tabaka sita, mshono wote nje. Na mahali pa kidonda sikuweka kitu. Nilipaacha wazi, tundu pana kuliko kidonda chenyewe, ili mzigo ukae kwenye nyama nzima pembeni na pale pabaki na hewa. Fundi makochi hufundishwa kwamba panapouma ongeza. Ilibidi nijifunze kwamba panapouma ondoa. Kisha nikauvaa, nikapakia fremu za makochi mawili kwenye mkokoteni wa karakana, nikavuta mtaa mzima wa Jeppestown, mbele ya hosteli ya wafanyakazi, wanaume wakicheka mpaka wakakaa chini. Nikarudi, nikafumua kidogo, nikavuta tena. Safari ya nne bega halikuuma.

Papa Bahati alirudi kutoka Bukavu wiki ile, amekonda, kofia kichwani. Akaugeuza mkanda mkononi, akaingiza vidole vitatu kwenye tundu.

"Nani alikufundisha kuacha nafasi hapa?"

"Bega langu."

Akasema, "Ni muzuri," na kutoka kwa Papa Bahati hiyo ni hotuba.

Wiki ya tano nyama ilikuwa imejaa na ngozi changa, ya waridi, imefunga juu. Daktari Naidoo akabonyeza, akasikiliza, akaimba kidogo, akatoa ruhusa: mkokoteni mtupu, safari moja ya kilima. Tukamfunga Nomvula. Akakataa. Alisimama na mikono ya mkokoteni ubavuni, miguu minne imepandwa ardhini, masikio nyuma, ngozi yote ya bega ikitetemeka. Alikuwa anakumbuka. Tulimbembeleza, tukampa karoti, wapi. Basi Baba Sithole akaenda mbele, akampa mgongo, akainama kama vile amevaa mkanda, akaanza kutembea kupanda kilima bila kuangalia nyuma. Na Nomvula akamfuata, kama alivyomfuata wiki zote zile. Magurudumu yakalia. Nikakimbia pembeni yake, nikaingiza kiganja chini ya mkanda, begani, nikausikia ule mfupa mpana ukienda mbele na kurudi chini ya mkono wangu, moto, wenye nguvu za kutisha, na haukugusa kitu. Tulipofika juu nikatoa mkono. Jasho na nywele. Damu hakuna. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, na Daktari akakaa karibu yangu.

Jumapili iliyofuata nikatangaza sheria yetu: fundi avute kwanza. Ninyi mlikuwa bado hamjajiunga; waliokuwepo nikawaambia ni kwa ajili ya vipimo.

Mwaka ukapita. Baba Sithole hakukosa hata Jumapili moja. Alileta rafiki, rafiki akaleta binamu, na wote nikawashonea, na kila mkanda nikauvuta kwanza. Kila aliponiona alivua kofia, na kila alipovua kofia nilitamani ardhi inimeze. Maana yeye bado alikuwa akipakia nusu mzigo tu na kuwaonya wenzake mbele yangu: "Msifanye kama mimi. Nilikaribia kumuua kwa tamaa."

Jumapili yangu ya mwisho, ninyi mlipokuwa mkikunja meza, nilimvuta pembeni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Mayfair na yote yakapotea.

"Baba Sithole, haikuwa mzigo. Yalikuwa makosa yangu. Ni ule mto. Nilijua tangu siku ile ya kilima, nikakudanganya umelegea. Umejilaumu mwaka mzima kwa kosa langu."

Akaendelea kumfunga Nomvula hatamu. "Ngiyazi," akasema. Najua. "Niliuvaa wiki tatu, Mama. Wewe ulivuta kilima kimoja ukalia."

"Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeomba msamaha. Watu wakishaomba msamaha wanaona aibu, hawarudi. Mimi sikutaka msamaha. Nilitaka mkanda." Akakaza kishikizo cha mwisho. "Na mabati pia yalikuwa mengi, usiyachukue yote peke yako."

Nikabaki nimesimama, machozi yananitoka, sina leso. Akanitazama, halafu akaniwekea hatamu mkononi.

"Sasa mimi umeniambia," akasema. "Lakini ule mto hukunishonea mimi."

Akasogea hatua kadhaa na kutugeuzia mgongo, akaangalia barabara, kama mtu anayewapisha wenye mazungumzo yao. Nikamkaribia Nomvula mpaka pumzi yake ikawa ya moto usoni mwangu. Nikaweka kiganja begani kwake, pale ambapo nywele zimeota nyeupe juu ya kovu, nikamwambia na yeye.